Beseni la Mtoto Likae Peke Yake

Baba, ukitoka kazini leo, kabla ya kuketi, zunguka kwanza nyuma ya nyumba. Tazama kamba ya nguo. Tazama beseni lililo karibu na bomba. Ndani yake mna nini? Pengine vitambaa vya mtoto vimelowekwa tangu asubuhi. Pengine suruali yako ya kazi imelala juu yake. Na kesho beseni hilo hilo litasuuzwa haraka haraka, majani ya sombe yatiwe ndani.

Wewe unajua mambo ya usalama. Kazini huingii bila kofia na viatu vyako. Kila siku mkubwa wa kazi anakukumbusha: kila chombo mahali pake, kila kazi na chombo chake. Basi nyumbani pia iko kazi inayotaka sheria hiyo hiyo. Ni kazi ya kufua vitambaa vya mtoto, vile ambavyo wengine wanaviita kushi.

Nyumba nyingi zinatumia vitambaa vya kufua, kwa sababu vile vya kutupa vinakula franka nyingi na mtoto anavimaliza upesi. Si aibu hata kidogo. Kitambaa cha pamba ni kizuri: kinanyonya maji, kinapitisha hewa, kinafuliwa, kinarudi, na mdogo wake mtoto atakivaa pia. Lakini kikifuliwa vibaya kinaweza kuleta taabu tatu ndani ya nyumba: kuhara, vipele vya matako, na mabuu ya ngozi. Kikifuliwa pamoja na nguo za kazi, kinaongeza taabu ya nne: vumbi la madini.

Mama, ukurasa huu ni wako. Lakini wewe Baba, usiufungue na kuupita. Utaona kwamba una kazi yako ndani yake.

MAVI YA MTOTO SI MAJI

Watu wengi wanasema: «Mtoto anayenyonya tu hana uchafu.» Kweli, mavi yake hayanuki sana. Lakini vidudu vya magonjwa vinaweza kuwamo sawasawa na katika mavi ya mtu mzima. Tena watoto wadogo ndio wanaoharisha mara nyingi kuliko watu wote, na anayeharisha ndiye anayetoa vidudu vingi.

Tufuate njia ya vidudu hivyo. Mama anamfungua mtoto. Anatupa kitambaa katika beseni, anapangusa mikono kwa kikwembe, anarudi jikoni. Mikono ile inasonga bukari. Au maji ya beseni yanamwagwa uani. Kuku wanapita, inzi wanatua, watoto wakubwa wanacheza pale, halafu wanashika chakula. Au maji yanakwenda na mfereji mpaka kisima cha jirani. Hivi mavi ya mtoto mmoja yanafika katika vinywa vya watu kumi, wala hakuna aliyeyaona.

Sisi watu wa Katanga tunajua kipindupindu ni kitu gani. Kilifika Afrika ya Magharibi mwaka 1970, na katika miaka ile ile ya 1970 kikaingia nchini mwetu. Mwanzoni mwa mwaka 2008 kilisumbua sana Likasi na Lubumbashi. Ugonjwa huo unapita katika maji na mikono iliyochafuliwa na mavi. Mvua inaponyesha na mifereji kujaa, unapata njia. Mama anayemwaga maji ya vitambaa ndani ya choo, akanawa mikono kwa sabuni, anafunga njia hiyo mlangoni pake.

KAZI YENYEWE, HATUA KWA HATUA

Kwanza, tayarisha vyombo. Unahitaji ndoo moja yenye mfuniko na beseni moja. Vyombo hivi ni vya vitambaa vya mtoto tu. Visitiwe sombe, visitiwe sahani, visichotewe maji ya kunywa. Vipige alama ya rangi, au vifunge kamba nyekundu, ili hata mtoto wa jirani anayetumwa kuchota maji avijue. Mtoto mchanga anaweza kubadilishwa mara 8 hata 12 kwa siku. Ukiwa na vitambaa 20 au 24, unaweza kufua kila siku ya pili. Ukiwa navyo vichache, fua kila siku.

Pili, ondoa mavi mara moja. Usingoje yakauke. Peleka kitambaa chooni, kung'uta na kukwangua mavi yaanguke ndani ya shimo. Halafu suuza kitambaa kwa maji baridi. Usianze na maji ya moto, kwani moto unashikisha doa. Maji hayo ya kwanza ndiyo mabaya kuliko yote: yamwage chooni, si uani, si mferejini, si chini ya mti wa maembe.

Tatu, loweka katika ndoo yenye maji na sabuni kidogo, uifunike. Kitambaa cha mkojo tu nacho kisuuzwe kabla ya kulowekwa. Usiache vikae zaidi ya siku moja. Maji yakioza, vitambaa vinapata harufu isiyotoka na pamba inaharibika.

Nne, mwaga maji ya kulowekea, tena chooni. Fua kwa sabuni na maji ya moto. Sugua hasa kwenye pindo na mishono, maana hapo ndipo uchafu unajificha. Mtoto akiwa anaharisha, au akiwa na vipele, vichemshe vitambaa vyake vyeupe vya pamba katika sufuria ya peke yake. Maji yakiisha kutokota, hesabu dakika 10.

Tano, suuza mara tatu, na maji mapya kila mara. Wengi wanachoka hapa. Sabuni ikibaki katika kitambaa inakutana na mkojo, inachoma ngozi ya mtoto. Namna ya kujua ni hii: kamua kitambaa cha mwisho. Maji yakitoka meupe, au mkono ukiteleza, bado. Yakitoka safi kama yalivyoingia, umemaliza.

Sita, osha ndoo na beseni, uvigeuze juani. Halafu nawa mikono kwa sabuni, kati ya vidole na chini ya makucha. Sabuni ikikosekana, tumia majivu. Nawa pia kila mara unapombadilisha mtoto, hata kama unaona hukushika kitu. Na mtoto mkubwa anayekusaidia naye anawe.

NGUO ZA KAZI ZIKAE MBALI

Sasa Baba, ni zamu yako. Ukipiga suruali yako kwa mkono jioni, unaona moshi wa vumbi ukitoka. Vumbi hilo si la barabara tu. Lina shaba na kobalti, pengine na madini mengine, kufuatana na mahali unapofanyia kazi. Kiwandani umepewa kitu cha kufunika pua. Je, mtoto wako amepewa?

Mtoto anatambaa chini. Anatia vidole kinywani mara mia kwa siku. Mwili wake ni mdogo, na kidogo kwako ni kingi kwake. Mwaka 2018 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzao wa Leuven katika Ubelgiji, walitangaza waliyoyaona katika mtaa wa Kasulo, mjini Kolwezi, ambako watu walichimba kobalti katikati ya nyumba zao. Watoto wa pale walikuwa na kobalti katika mkojo mara kumi kuliko watoto waliokaa mbali. Vumbi la ndani ya nyumba lilikuwa limejaa madini. Hakuna aliyesema kwamba nguo za kufua ndizo zilizoleta yote hayo. Lakini tumejifunza kwamba vumbi la mgodi likiingia nyumbani, mtoto ndiye analipokea.

Basi fanya hivi. Kama kazini kuna mahali pa kuoga na kubadilisha nguo, patumie, usikimbilie gari ukiwa na vumbi lote. Kama kazini nguo zinafuliwa, ziache huko. Kama huna budi kuzileta, zifunge ndani ya mfuko, uuweke nje ya chumba. Usimbebe mtoto kabla ya kuoga na kuvaa nguo nyingine. Najua, anakukimbilia mlangoni na moyo unauma kumzuia. Mwambie angoje kidogo. Maji ya kuoga hayachukui dakika nyingi.

Nguo za kazi zisikung'utwe uani. Ziloweshwe kwanza ili vumbi lisiruke, zifuliwe mwisho, katika beseni lao, na maji yake yasimwagwe kwenye bustani ya mboga wala mahali watoto wanapochezea. Hata kama leo sabuni ni kidogo, usizitie katika povu lililobaki la vitambaa vya mtoto, wala usitie vitambaa katika povu lao.

Na neno moja juu ya mapipa na bidoni. Wengine wanaleta nyumbani bidoni tupu kutoka kazini, kwa sababu ni ngumu na zina mfuniko mzuri. Kumbuka kwamba katika viwanda vyetu asidi ya salfa inatumika kutoa shaba katika mawe, tena kuna mafuta na dawa nyingine nyingi. Bidoni iliyobeba dawa haiwi safi kwa kusuuzwa. Isitumiwe kulowekea vitambaa, wala kuwekea maji ya kunywa. Iache kazini.

KAMBA, JUA NA PASI

Vitambaa vimekwisha kufuliwa. Unavianika wapi? Ukivitandaza juu ya majani, juu ya kichaka au chini kwenye mchanga, umemkaribisha adui mwingine.

Yuko inzi mmoja wa rangi ya manjano na kahawia, mkubwa kuliko inzi wa nyumbani. Anapenda mahali penye kivuli na unyevu, hasa penye harufu ya mkojo. Hapo anataga mayai yake, juu ya mchanga au juu ya nguo mbichi. Baada ya siku moja hata tatu, mayai yanatoa mabuu madogo sana ambayo jicho haliyaoni upesi. Yanangoja. Nguo ikivaliwa, yanaingia katika ngozi, na mtu hasikii kitu. Baadaye panatokea jipu lenye tundu dogo katikati, na ndani yake buu linakua. Kwa Kifaransa wanaliita «ver de Cayor». Si yule funza wa vidole vya miguu. Huyu anapenda mgongo, mapaja na matako, mahali nguo inapogusa. Fikiri taabu ya mtoto mchanga mwenye majipu kama hayo matano au sita, ambaye hawezi kusema ni wapi panamuuma.

Dawa yake ni tatu. Kwanza, kamba iliyofungwa juu, mahali penye jua kali, si chini ya mti. Pili, vitambaa vikauke kabisa, na visilale nje usiku. Tatu, pasi ya moto. Pitisha pasi pande zote mbili, usiruke pindo na mishono. Moto wa pasi unaua mayai na mabuu. Mama wengi wanapiga pasi nguo za kanisa na kuacha vitambaa vya mtoto, wakisema haviendi mahali popote. Lakini ndivyo vinavyolala juu ya ngozi ya mtoto usiku na mchana. Makala yakiwa kidogo, anza na vitambaa vya mtoto.

Buu likiwa limekwisha kuingia, usilikamue kwa kucha, kwani likipasuka ndani jipu litaoza. Paka vazelini nene juu ya tundu ili likose hewa, na umpeleke mtoto kwa munganga alitoe.

HATARI ZA SIKU YA KUFUA

Siku ya kufua ina moto, maji na dawa, navyo vyote viko chini, sawasawa na kimo cha mtoto.

Ndoo ya kulowekea. Mtoto aliyeanza kusimama anapenda kuchungulia. Kichwa chake ni kizito, anaanguka ndani, na hawezi kujitoa. Maji ya sentimeta chache yanatosha kumzamisha, naye hapigi kelele. Kwa hiyo ndoo iwe na mfuniko unaobana, au iwekwe juu ya kitu imara asichofikia.

Sufuria ya kuchemshia. Iweke juu ya mbabula iliyosimama vizuri, mahali watoto hawapiti mbio. Usibebe maji ya moto huku mtoto yuko mgongoni. Mtoto akiungua, mimina juu ya kidonda maji safi ya baridi kwa dakika 20, halafu mbio lopitali. Usipake mafuta, dawa ya meno wala yai.

Mbabula ndani ya nyumba. Wakati wa mvua, vitambaa havikauki, na wengine wanavizungusha kandokando ya mbabula chumbani, mlango umefungwa. Hatari ni mbili. Kitambaa kinaweza kushika moto. Tena makala yanatoa hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu, inayoua watu wakiwa usingizini. Afadhali kamba chini ya baraza, upepo upite, halafu umalizie na pasi.

Maji ya Javel. Ni dawa nzuri ya kuua vidudu, hasa mtoto akiharisha. Fuata kipimo kilichoandikwa juu ya chupa, na usuuze sana baadaye. Lakini usiyatie juu ya kitambaa chenye mkojo ambacho hakijasuuzwa, na usiyachanganye na siki wala dawa ya kusafishia choo. Yakichanganywa hivyo yanatoa hewa kali inayochoma macho na mapafu. Na usiyaweke kamwe katika chupa ya limonadi. Mtoto mwenye kiu hasomi karatasi ya chupa. Anajua tu kwamba chupa hiyo ina kitu kitamu.

MTOTO AKIONYESHA DALILI

Matako yakiwa mekundu, mbadilishe mtoto mara nyingi zaidi, muoshe kwa maji matupu, mpanguse taratibu, umwache wazi kidogo apate hewa. Usimfunge plastiki juu ya kitambaa, maana inafungia joto na unyevu ndani. Rudia kusuuza vitambaa vyako vyote, pengine sabuni ndiyo inayomchoma. Siku tatu zikipita bila nafuu, au ukiona usaha au malengelenge, au mtoto ana homa, mpeleke kwa munganga.

Akiharisha, usimnyime maziwa. Mnyonyeshe zaidi. Mpe maji ya chumvi na sukari kutoka katika pakiti ya kituo cha afya. Pakiti ikikosekana, tengeneza hivi: lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Usiongeze chumvi. Mpe kidogo kidogo kwa kijiko, hata kama anatapika, na usipitishe siku moja na maji hayo hayo. Uliza pia dawa ya zinki kituoni. Lakini ukiona macho yamezama, kinywa kikavu, mtoto analegea au hawezi kunyonya, au mavi yana damu, au yanatoka kama maji ya mchele, usingoje asubuhi. Mnyonyeshe huku mnakwenda.

JUMAMOSI HII

Baba, tumesema una kazi ndani ya ukurasa huu. Ndiyo hii. Jumamosi hii nunua ndoo moja yenye mfuniko na beseni moja, uvipige alama. Funga kamba mpya mahali penye jua, juu kuliko kichwa cha mtoto. Tengeneza mfuniko wa shimo la choo kama umevunjika. Tafuta msumari wa kutundikia mfuko wa nguo zako za kazi, nje ya chumba. Na siku ambayo Mama amechoka au amelala mgonjwa, sukuma mikono ya shati, uketi kwenye beseni. Mwanaume anayejua kuosha mashine ya tani nyingi hawezi kushindwa na kitambaa cha gramu mia.

Mama, nawe mwonyeshe binti na mtoto mwanaume namna ya kufua, hatua kwa hatua, na sababu yake. Mtu anayejua sababu hasahau hatua.

Kazini wanahesabu siku zilizopita bila ajali na kuziandika ukutani. Nyumbani hakuna ubao kama huo. Lakini mtoto anayelala usiku kucha bila kuwashwa, anayepanda kilo kila mwezi kwenye mizani ya kituo cha afya, yeye ndiye ubao wenu. Msome pamoja.